Kikohozi Kwenye Albamu ya Pili

Sehemu ya Saba

Zipu.

Giza bado lilikuwa limejaa chumbani nikasikia zipu ya begi ikivutwa polepole, na mtu asiyetaka kuamsha mtu. Ikakwama katikati. Ikavutwa tena.

"Baba Mbuke," nikaita. "Unakwenda wapi saa hii?"

"Mwabuluda."

"Si ulisema Jumatatu?"

"Maganga kaita watu wote wa duara leo. Saa nne tunakaa kikao." Nikamsikia anapapasa ukutani kutafuta shati lake. "Safari hii lazima ijulikane ni mwanamke gani aliingia kwenye duara letu."

Mwanamke huyo ni mimi. Ninyi mnaonisoma mmeshajua tangu wiki mbili zilizopita. Asiyejua alikuwa mume wangu, aliyekuwa anafunga vifungo gizani hatua mbili kutoka kwangu.

Kwa ambaye gazeti hili limemfikia leo likiwa limefungia maandazi, nitasema kwa kifupi. Naitwa Noela, wa Nyahanga hapa Kahama. Naimba kwenye bendi ya Karasha. Tuko watatu na tunapiga roki. Bujiku, fundi wa kuchomelea mageti, anapiga gitaa la umeme. Wiliam anapiga dramu. Sauti ni yangu. Albamu ya kwanza wachimbaji waliipenda kwa kelele zake, maana tulikuwa tunanguruma kama karasha lenyewe, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu.

Ya pili ndiyo iliyotutesa. Miezi mitano tunarekodi, Bujiku anafuta. Tunarekodi, anafuta. "Sauti yako iko kama imefungiwa kabatini, Mama Mbuke," ananiambia. "Naitaka itoke chini ya ardhi." Nilidhani anatoa mfano. Bujiku hatoi mifano.

Jumapili moja tukaenda Mwabuluda, njia ya Geita, kwenye duara namba tisa. Duara ni shimo la dhahabu, na hilo ni la Maganga, lile analochimba mume wangu. Kazi ilikuwa imesimama, wanasubiri magogo mapya ya kuzuia kuta, watu wote wamekwenda makwao. Alibaki mlinzi tu, Mzee Ndaki. Alikataa. Tukambembeleza. Akakataa tena. Mwishowe akageuka akatazama upande wa pili, nami nikamwachia mwanangu Mbuke, nikavua viatu, nikashuka kwa kamba mita ishirini chini, nikaimba mara moja tu. Huo ndio wimbo wa nne, "Kule Chini". Katikati ya wimbo Mzee Ndaki alikohoa pale juu, kikohozi kikaingia, na Bujiku akagoma kukitoa. Alisema kina utu.

Sasa, mwanamke haingii duarani. Mtoto wa huku anajua hilo kabla hajajua kuandika jina lake. Mwanamke ataponda mawe, atapika, atauza chai, lakini mdomo wa duara ataupitia mbali. Na mchimbaji ambaye mke wake ameingia anatolewa kwenye kundi mikono mitupu, hata awe amechimba miaka.

Nilijua yote hayo. Nikajiambia, nani atajua?

Siku kumi na mbili baadaye mwamba ukakata. Jiwe lenye dhahabu, walilolifuata miezi kumi na minne, likaisha ghafla, mbele yao likabaki jiwe tupu.

Mwalimu wetu wa jiografia, kwenye masomo ya jioni, alitufundisha kwamba mwamba huvunjika na kuhama. Ukiutafuta pembeni unaweza kuupata tena. Namwamini mpaka leo. Lakini nenda wewe ukamwambie hivyo mtu aliyechimba kwa mikono miezi kumi na minne.

* * *

"Mnamshuku nani?" nikamuuliza mume wangu Herman gizani. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

"Mzee Ndaki. Mlinzi si ni yeye? Mfumu kapiga ramli, kasema mwanamke. Mwanamke atapitaje bila mlinzi?"

"Na yeye anasemaje?"

"Anakataa. Wiki nzima anakataa." Akakaa kitandani, kitanda kikalia. "Leo wamesema akikataa tena wanakichoma kibanda chake na kumfukuza machimboni."

"Baba Mbuke! Mzee mwenye mvi zote zile!"

"Unadhani mimi sioni? Lakini mimi ndiye msimamizi wa zamu. Vijana wananitazama mimi. Nikinyamaza watasema na mimi nimo."

Mbuke akageuka usingizini, akanipiga teke la mbavu. Nikamvuta kifuani.

"Na huyo mwanamke," nikasema, "akijulikana?"

Herman akatupia begi begani.

"Huyo hata sitaki kumjua," akasema. "Namwonea huruma mume wake."

Wasomaji wangu, mdomo ulifunguka. Nawaapia ulifunguka. Lakini Herman akanyoosha mkono, akagusa kichwa cha mtoto, kisha changu, akacheka kidogo.

"Mko redioni leo saa nne na nusu, eeh? Maganga ana spika kubwa. Nitawaambia vijana waifungue tusikilize kipindi. Mpige ule wa kikohozi. Hata kwenye duara wanauimba."

Mlango ukafungwa. Pikipiki ikawaka, ikaondoka.

Mdomo wangu bado ulikuwa wazi.

* * *

Jirani anayenishikia mtoto alikuwa msibani, kwa hiyo nikamvalisha Mbuke gauni la Krismasi tukaondoka naye.

Kahama nzima ilikuwa inakohoa. Sitanii. Wiki ya tatu hiyo tangu albamu itoke, vijana wa bodaboda pale stendi wakipishana hawapigi honi, wanakohoa: viwili vifupi, kisha kirefu kinachoburuzwa. Kondakta wa basi la Mwanza aliponiona akakohoa kwa mbwembwe, abiria wakaangua kicheko.

"Mama Karasha! Pole na kifua!"

"Si mimi ninayekohoa, kaka!"

"Basi mwambie babu anywe tangawizi!"

Mbuke akacheka, na yeye akakohoa. Mimi nikamvuta mkono tukapita.

Wapo waliotuchukia pia. Shabiki mmoja wa albamu ya kwanza alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne: "Mlikuwa karasha, sasa mmekuwa kwaya ya akina mama. Rudisheni makelele yetu!" Mwingine akaandika kwamba wimbo wa nne umemliza kwenye lori, Isaka, na yeye hajalia tangu azikwe baba yake. Hivyo ndivyo tulivyopokewa. Nusu wanatutukana, nusu wanalia, na wote wanakohoa.

Bujiku nilimkuta nje ya jengo la redio, amechomekea, viatu vinang'aa.

"Mama Mbuke! Watu wa Mwanza wamepiga. Wanataka tukafungulie tamasha. Sisi! Fundi mageti na wenzake!"

"Bujiku, leo wanamchomea Mzee Ndaki kibanda."

Uso wake ukazimika kama taa ya Tanesco.

"Nani kasema?"

"Herman. Kikao ni sasa hivi. Wanamtaka amtaje mwanamke."

Akanivuta pembeni. "Sikiliza. Tulikubaliana tutasema tuliimbia kwenye tangi la maji, Isaka. Ukisema vingine wachimbaji hawatatusikiliza tena, na sisi bila wachimbaji ni nani? Kibanda ni maturubai matupu. Nitamjengea mzee cha bati kwa mkono wangu, na mlango wa chuma, na dirisha."

"Wakimpiga je?"

"Hawampigi."

"Umejuaje?"

Akainama akamsalimia Mbuke. "Shikamoo" ya mtoto ikamfanya atazame chini, na "marahaba" yake haikutoka vizuri.

"Na Herman?" akasema akiwa bado ameinama. "Ukisema, Herman anatoka leo leo. Umefikiria hilo?"

Tangu alfajiri sikuwa nimefikiria kitu kingine.

* * *

Ndani ya studio ni pafinyu kama jiko. Mtangazaji, Asteria, ni dada mcheshi, mwenye sauti ya asali na kucha ndefu. Wiliam alikuwa hajafika, kwa hiyo Asteria akamvisha Mbuke hedifoni za Wiliam, zikamfunika mpaka mashavuni, akanipakatisha.

"Leo tuna mgeni mdogo kuliko wote! Karibuni Karasha! Na albamu ya pili imeitikisa Kahama, imeitikisa Shinyanga, mpaka Geita huko watu wanakohoa! Bujiku, niambie, ule mwangwi wa wimbo wa nne mmeutoa wapi?"

"Isaka, dada," Bujiku akasema haraka. "Kuna tangi kubwa la maji, la chuma. Tuliingia ndani."

"Weee! Na anayekohoa?"

"Mlinzi wa tangi."

"Mpelekeni hospitali!" Asteria akacheka. "Haya, simu zimefunguliwa. Hallo, nani mwenzangu?"

"Amosi, dereva wa malori, Isaka."

"Karibu, Amosi."

"Nawapongeza sana. Ila mimi nimezaliwa Isaka, nimelelewa Isaka, nimeoa Isaka. Hilo tangi liko wapi?"

Bujiku akasogelea maikrofoni. "Lilishauzwa, kaka. Chuma chakavu."

"Lini?"

"Juzijuzi."

"Na mlinzi wake?"

Asteria akacheka mpaka akagonga meza. Mimi nikatazama saa ya ukutani. Saa tano kasorobo. Kikao kilikuwa kimeshaanza.

"Simu nyingine! Hallo?"

Kwanza upepo. Kisha watu wengi, kama mnadani. Kisha mwanaume, mtaratibu.

"Habari za kazi, dada. Naitwa Maganga. Mimi ni mwenye duara namba tisa, Mwabuluda. Niko na vijana wangu, tunawasikiliza."

Mkono wa Bujiku ukanishika goti chini ya meza.

"Karibu sana, mzee Maganga! Mnaupenda wimbo?"

"Tunaupenda. Naomba utupigie pale pa kikohozi. Pale tu."

Asteria akaupiga. Sauti yangu ikajaa studio, ikipanda kutoka kule chini, ikanyamaza kuvuta pumzi. Na katikati ya ukimya ule, viwili vifupi, kisha kirefu kinachoburuzwa.

"Inatosha," Maganga akasema. "Sasa tulia usikie, dada. Mzee Ndaki. Sogea hapa. Kohoa."

Tukasikia zogo. Tukasikia sauti ya kizee: "Sina kikohozi mimi leo."

"Kohoa, mzee."

"Nimesema sina."

Lakini kifua kilichokula vumbi la machimbo miaka thelathini hakiamriwi na mwenyewe. Alijizuia. Tulimsikia akijizuia, pumzi ikikwaruza kooni kama sululu kwenye jiwe. Kisha ikamshinda.

Viwili vifupi. Kirefu kinachoburuzwa.

Hakuna aliyecheka.

"Umesikia, dada mtangazaji?" Maganga akasema. "Tangi lenu la Isaka limesimama hapa mbele yangu, na mvi zake."

Bujiku alikuwa amefumba macho. Asteria akanitazama mimi, akamtazama yeye, kucha zake zimesimama hewani.

"Mzee," Maganga akaendelea, na sasa hakuwa anazungumza na sisi, "sauti ya mwanamke tumeisikia, na kikohozi chako tumekisikia. Ulimwingiza nani?"

"Nilikuwa peke yangu."

"Mzee!"

"Nilikuwa nasikiliza redio. Ndiyo, redio. Ndimo alimokuwa anaimba."

"Wimbo ulikuwa haujatoka bado! Mnamsikia? Leteni kiberiti."

Na hapo nikamsikia Herman. Sauti yake ningeitambua hata kwenye soko la Jumapili. Alikuwa anaomba.

"Mzee wangu, sema tu. Nakusihi. Usitutie dhambini sisi watoto wako."

"Sina la kusema, baba," mzee akajibu.

Niliutoa mkono wa Bujiku gotini. Nikavuta maikrofoni.

"Mzee Ndaki," nikasema. "Shikamoo."

Upepo ukavuma kwenye simu. Kisha, polepole, akaniita mama kwa Kisukuma:

"Marahaba, mayu."

"Wabeja, asante. Umenificha vya kutosha. Sasa acha." Nikavuta pumzi. "Jamani wa namba tisa, kiberiti kiwekeni chini. Aliyeingia ni mimi. Noela, Mama Mbuke. Mzee alinikataza mara mbili, nikamshinda kwa maneno. Nilishuka, nikaimba, nikapanda. Kama kuna kosa ni langu. Baba Mbuke, alfajiri nilitaka kukuambia. Nisamehe."

Asteria akaongeza sauti ya simu.

Sekunde redioni ni ndefu, nyie. Nilisikia kuku wa kule Mwabuluda.

"Herman," Maganga akasema hatimaye. "Huyo si mkeo?"

Simu ikabadilisha mikono. Kisha kicheko. Kilikuwa cha Herman, lakini miaka sita niliyolala naye sijawahi kukisikia.

"Jamani, huyu Mama Mbuke mnamjua ninyi?" akasema. "Huyu? Huyu akiona mjusi anaita jirani! Dari la nyumba yetu linavuja mwaka wa pili, nimemwambia ashike ngazi tu, ashike chini, anatetemeka. Leo ashuke mita ishirini?"

Mtu akacheka kule nyuma. Mwingine akafuata.

"Ana huruma, basi," Herman akaendelea, na sauti ilizidi kupanda. "Kasikia mzee atachomewa, kabeba mzigo usio wake. Ndivyo alivyo. Wimbo ule aliuimba nyumbani, Nyahanga. Mimi nilikuwepo. Nilikaa nao chumba kimoja."

Hakuwepo. Jumapili ile alikuwa kwa mama yake, Bukombe.

"Hapo sawa," sauti moja ikasema. "Mwanamke gani atashuka kwa kamba ile?"

"Mimi mwenyewe naiogopa!" mwingine akadakia, na wakacheka, kicheko cha watu waliokuwa wanatafuta pa kukimbilia.

"Na kikohozi?" Maganga akauliza. Yeye hakucheka.

"Wazee wote wanakohoa, bosi. Babu yangu anakohoa hivyo hivyo." Herman akashusha sauti. "Mama Mbuke. Waambie watu ukweli. Hukuingia."

Ndugu zangu, sikujua kama anaamini anachosema, au ameshajua yote na ananiteremshia kamba nipande. Nilichojua ni kwamba neno moja tu lingetosha: Sikuingia. Herman angebaki na nafasi yake. Bujiku angekwenda Mwanza. Albamu ingeendelea kukohoa mpaka Bukoba. Na pengine, kwa kicheko kile, hata mzee angeachwa siku hiyo. Siku hiyo tu. Kesho wangemrudia, maana mwamba ulikuwa bado umekata, na mtu aliyechimba bure anahitaji mtu wa kumlaumu.

"Noela," Bujiku akaninong'oneza, machozi yanamlengalenga. "Sema."

"Mama Mbuke?" Asteria akasema taratibu. "Tuko hewani."

"Mke wangu," Herman akasema. Hajawahi kuniita hivyo mbele za watu. "Sema, tumalize."

Nilifungua mdomo. Sikujua ni lipi litakalotoka.

Mbuke alikuwa amekaa wima mapajani mwangu, hedifoni zimemmeza, macho makubwa kwa furaha ya kumsikia baba yake masikioni. Akaishika maikrofoni kwa mikono yote miwili, kama anavyoniona mimi nikifanya.

"Baba, mimi nilimshikia mama viatu."